Mafuta ya Karafuu Katika Chakula cha Kuku wa Nyama

Nilipoanza kufuga kuku wa nyama huku Pemba, nje kidogo ya Chake Chake, nilifuata desturi niliyoikuta kwa wenzangu: vifaranga wapya wakifika, unga wa antibiotiki hutiwa katika maji yao ya kunywa hata kama hakuna anayeumwa. Niliiacha desturi hiyo baada ya daktari wa mifugo kunieleza kwamba bakteria wanaoonjeshwa dawa kidogo kidogo huishia kuwa sugu, na usugu huo haubaki bandani bali humfikia hata mlaji. Hofu hiyohiyo ndiyo iliyoufanya Umoja wa Ulaya upige marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia tarehe 1 Januari 2006, hatua ambayo Uswidi ilikwisha kuichukua mwaka 1986. Watengenezaji wengi wa chakula cha kuku waligeukia mafuta ya viungo, hasa oregano, mdalasini na karafuu, na sisi wa Pemba hatuna haja ya kuagiza mbali, kwa kuwa kiwanda cha Wawi, hapa hapa kisiwani, hutoa mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu.

Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujenoli, kemikali inayouharibu utando wa bakteria hata vilivyomo ndani yake vikavuja. Ni hiyo hiyo inayotia ganzi jino linalouma. Kitu chenye nguvu ya kutia ganzi fizi ya mtu mzima hakifai kumiminiwa kifaranga wa siku tatu, na hilo nililijua nikiwa nimekwisha kukosea. Nilitia matone katika maji ya kunywa, nisijue kwamba mafuta haya hayachanganyiki na maji, tena ni mazito kuliko maji, hivyo yakazama chini ya chombo, pale pale vifaranga wanapotumbukiza midomo. Waliokunywa waliungua, waliobaki wakayakimbia maji siku nzima yenye joto kali, na vifaranga wanne wakafa. Tangu siku hiyo mafuta nayatia katika chakula tu, na ninasubiri vifaranga wamalize wiki ya kwanza.

Kwa mfuko wa kilo 50 ninaanza na gramu 5, yaani miligramu 100 kwa kila kilo ya chakula, kisha baada ya siku chache ninapanda hadi gramu 10, wala sizidishi. Gramu hizo ninazipima kwa mizani ndogo ya sonara. Kazi ngumu ni kuyasambaza mafuta sawasawa: ninayasugua kwa mikono iliyovaa glavu katika kilo 1 ya pumba laini mpaka pasibaki donge, ninachanganya pumba hiyo na kilo 5 za chakula, ndipo ninapoingiza yote katika mfuko mzima. Kwa kuwa mafuta haya huruka na hewa, sichanganyi chakula cha zaidi ya wiki moja, na akiba naihifadhi katika chupa ya kioo cheusi iliyofungwa vizuri, kwani baadhi ya plastiki hulainishwa nayo.

Niligawa kundi moja sehemu mbili ili nione tofauti kwa macho yangu. Uzito haukuachana sana, lakini upande uliokula karafuu kinyesi kilikuwa kikavu zaidi na harufu ya amonia ilipungua, jambo lenye thamani kubwa katika msimu wa masika.

Hata hivyo, mafuta haya hayawezi kurekebisha banda baya. Sehemu yake kubwa hufyonzwa mapema, kabla ya kufika mwisho wa utumbo, ndiyo maana viwanda huyafunika kwa tabaka la mafuta magumu ili yachelewe kuyeyuka. Mafuta yetu ya chupa hayana kinga hiyo. Kwa hiyo nimelazimika kurekebisha mambo mengine. Nilipunguza dagaa, kwa sababu protini nyingi ya samaki huwalisha bakteria wa Clostridium perfringens wanaoozesha utumbo. Maranda yaliyolowa karibu na vyombo vya maji nayatoa kila asubuhi, kwa kuwa vimelea vya kuhara damu hukomaa kwenye unyevu, na utumbo uliokwisha kujeruhiwa na vimelea hivyo ndio bakteria hao huuvamia kwa urahisi. Chanjo za mdondo na Gumboro ziko palepale, maana hayo ni magonjwa ya virusi, nami sitegemei karafuu kuwakinga kuku nayo.

Nikiona damu katika kinyesi, au kuku wamejikunyata na mabawa yameshuka, sisubiri mafuta yafanye kazi. Ninampigia daktari siku hiyo hiyo, na akinipa dawa ninaandika ukutani tarehe ya dozi ya mwisho, ili nihesabu siku alizoagiza kabla ya kuchinja.