Range Rover ya zamani ikilala chini, tafuta upepo unakotokea kabla ya kununua spea

Mdogo wangu unayeanza gereji, kuna siku utaletewa Range Rover ya P38, zile za kuanzia 1994 hadi 2001, imelala chini kabisa, madigadi karibu yanagusa tairi. Kwenye dashibodi kuna onyo la EAS, yaani saspensheni ya upepo, ile inayobeba gari kwa mifuko ya mpira badala ya springi, na mwenye gari ameshaambiwa na mafundi watatu kwamba dawa ni kung'oa mfumo wote wa upepo na kufunga springi za chuma. Nakuomba usiwe fundi wa nne.

La kwanza la aina hiyo nililoshika lilikuwa linashuka usiku. Jioni limesimama vizuri, asubuhi limelala lote. Nikaona mfuko wa upepo wa nyuma kushoto una nyufa, nikasema mgonjwa ni huyu. Mzee mwenye gari akanunua mfuko mpya, nikafunga. Siku ya tatu akarudi, gari liko vile vile. Hakunigombeza, alikaa tu kwenye benchi akisubiri, na hilo liliniuma zaidi. Kilichokuwa kinavuja ni mfuko wa mbele kulia, ambao kwa macho ulionekana mzima.

Nilichokuwa sikijui ni hiki. Ukizima gari na kufunga milango, kompyuta ya saspensheni hailali palepale. Inabaki macho kama dakika 20, halafu inaamka kila baada ya saa 6 kulisawazisha gari. Injini ikiwa imezimwa hainyanyui kona iliyoshuka, bali inamwaga upepo wa kona tatu zilizo nzima ili zilingane na ile mbovu. Kona moja inavuja, zote nne zinalala. Ukiliangalia asubuhi huwezi kabisa kujua lilianzia wapi.

Kwa hiyo kabla hujagusa spana, liwashe gari, liache lijisawazishe, kisha zima na uchomoe rilei, ile swichi ndogo ya umeme inayoiacha kompyuta macho. Iko chini ya kiti cha mbele. Chukua futi upime kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne, uandike kwenye daftari. Usiamini kichwa chako, ifikapo asubuhi utakuwa umesahau. Gari lilale hivyo. Kesho yake kona inayovuja itakuwa imeshuka peke yake, nyingine zimebaki juu. Na kama hakuna iliyoshuka, anza kushuku sensa za urefu: huenda mojawapo inadanganya na kompyuta inaitii.

Ukishaijua kona, changanya maji na sabuni ya kuoshea vyombo, povu liwe zito, upake kwa brashi. Hapa wengi wanakosea kwa sababu wanapaka gari likiwa chini. Mpira hupasuka pale unapojikunja, sehemu ya chini ya mfuko, na gari likiwa chini ule mkunjo unaficha ufa. Rudisha rilei, linyanyue hadi urefu wa juu kabisa ndipo upake. Halafu subiri. Uvujaji unaolilaza gari usiku mzima hautoi povu kubwa, utaona vitone vidogo vyeupe vikitokea taratibu mahali pamoja, kama mate ya mtoto. Paka pia pale bomba la plastiki linapoingia kwenye mfuko. Kama uvujaji uko hapo, mara nyingine inatosha kukata ncha iliyochubuka kwa wembe, iwe imenyooka, na kuirudisha.

Mfuko mkavu, bomba kavu, na bado kona inashuka? Nenda kwenye boksi lenye vali, chini ya boneti, lililo pamoja na kompresa, yaani pampu ya upepo. O-ringi za humo, zile pete za mpira za kuziba upepo, hukauka na kuwa ngumu kwa umri. Seti yake ni ya bei nafuu kuliko mfuko mmoja, ila kazi yake inataka meza safi na utulivu.

Usiingize kichwa kati ya tairi na madigadi kabla ya kuweka stendi chini ya chasisi. Jeki peke yake haitoshi. Gari hili limekaa juu ya upepo, ukilegeza bomba moja linashuka kabla hujavuta mkono. Tangi la upepo nalo hubeba presha inayokaribia bar 10, kwa hiyo vaa miwani. Na usilishushe gari kutoka kwenye jeki mifuko ikiwa mitupu, mpira utajikunja vibaya na utaua mfuko mpya siku hiyo hiyo.

Kompresa ipime kwa kidole gumba. Chomoa bomba lake la kutolea upepo, washa gari, uzibe tundu. Ukiweza kuzuia upepo kwa kidole, pete ya pistoni imekwisha. Kama haiwaki kabisa, iguse kwanza: ikipata moto sana hujikata yenyewe, na itarudi ikipoa.

Jambo dogo ambalo limewasumbua vijana wengi niliofanya nao kazi: ukiacha mlango wazi, au ukikanyaga breki, mfumo husimamisha kazi ya kunyanyua na kushusha. Umeundwa hivyo. Funga milango yote kabla ya kusema kuna ubovu.

Sensa za urefu zipime kwa mita ya umeme huku ukizungusha mkono wa kila moja polepole. Namba zipande na kushuka bila kuruka. Zikiruka mahali fulani, hiyo imechakaa.

Mwisho futa makosa yaliyobaki kwenye kompyuta kwa mashine ya kuyasomea, kwa sababu kompyuta ikishajifunga itagoma hata kama umeshatengeneza. Hakikisha rilei iko mahali pake. Halafu mwombe mwenye gari akuachie usiku mmoja zaidi, na asubuhi upime tena kona zote nne kwa futi ile ile.