Maswali ya Wasomaji: Ruzuku ya Maji na Risiti Zake

Barua za mwezi huu karibu zote ni za maji, na karibu zote zinaishia kwenye fedha. Nimechagua nne. Majina nimeyaacha, kwa kuwa baadhi yenu bado mnaongea na wafadhili haohao.

Shikamoo Bi Mhasibu. Mimi ni katibu wa kamati ya maji, kaya 300 hivi, wengi wetu wa kipato kidogo. Kisima chetu kimeacha kutoa maji. Mfadhili amekubali kutupa ruzuku ya dharura, ila anataka tutumie fedha zetu kwanza, tupeleke risiti, ndipo aturudishie. Akiba yetu haifiki hata bei ya pampu. Tukatae?

Marahaba, mwanangu. Msikatae, ila msisaini kabla hamjarudi kuzungumza naye.

Ruzuku ya kurudishiwa ilitungwa na watu wanaoogopa wizi, na sina ugomvi na hofu yao. Vitabu nilivyokagua vimenitosha. Lakini sharti hilo, likitazamwa vizuri, linamtaka maskini amkopeshe tajiri. Mwenye mtambo wa kuchimba haleti mtambo wake kwa barua ya ahadi. Matokeo yake ni kwamba fedha za jamii maskini huchukuliwa na jamii yenye akiba, na mwisho wa mwaka mfadhili anaandika kwenye ripoti kwamba maskini "hawakutumia fursa".

Mwombeni mambo mawili kwa maandishi. La kwanza, masurufu: awape sehemu ya fedha mwanzoni, mkipeleka risiti za matumizi yake awape sehemu inayofuata. La pili, amlipe mkandarasi moja kwa moja, baada ya fundi msimamizi na kamati yenu kusaini kwamba kazi imefanyika. Wafadhili wengi wana nafasi ya kufanya hivyo ndani ya kanuni zao. Hawaisemi kwa sababu hakuna aliyewauliza. Akigoma kote kuwili, tafuteni mamlaka ya maji kubwa ya jirani ipokee fedha kwa niaba yenu. Hapo andikeni mkataba unaotaja kwamba pampu, bomba na kisima ni mali yenu, maana nimeona mali ikihamia kwa mwenye akaunti ya benki kimyakimya. Mkopo wa muda uwe wa mwisho kabisa. Riba yake mara nyingi ruzuku hailipi, kwa hiyo itatoka kwenye ankara za watu wenu.

Na risiti, mwanangu, risiti! Dai moja nililopitia lilikaa msimu mzima mezani kwa mfadhili kwa sababu mwenye duka aliandika "vifaa mbalimbali". Ndani ya maneno hayo mawili mlikuwa na valvu, bomba na swichi ya pampu. Vyote vilikuwa vimeshafungwa na maji yanatoka. Kila kifaa kiwe na mstari wake, kipimo chake na bei yake, na kiasi kilingane na kile fundi alichoandika kwenye makadirio. Mkibadilisha bomba la inchi mbili kwa la inchi moja na nusu, ombeni kibali kabla ya kununua.

Jambo jingine, na hili lingetangulia yote: mmepima kina? "Kisima kimekauka" ni maneno ya mtu aliyefungua koki asione kitu. Inawezekana maji yameshuka chini ya pampu tu, na kuishusha pampu ni kazi ndogo kuliko kuchimba upya. Inawezekana chujio la kisima limeziba. Inawezekana maji yapo na mota ndiyo imeungua. Shusheni tepu yenye uzito, mwandike maji yako mita ngapi na pampu imening'inizwa mita ngapi. Namba hizo mbili ndizo zinazomwambia mfadhili analipia nini.

Wakati huo mtahitaji maji ya lori, nayo yahesabiwe. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada hutumia duniani kote, vinataja angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na usafi. Kaya 300 zikiwa na watu watano kila moja ni watu 1,500, yaani lita 22,500 kwa siku. Lori la lita 10,000 litakuja mara mbili halijamaliza, la tatu lije robo. Zidisheni kwa siku mtakazongoja, tuseme 90, muweke jumla hiyo pembeni ya gharama ya kutengeneza kisima, kwenye ukurasa mmoja. Lori ni teksi iliyoambiwa ingoje mlangoni huku mita inasoma, na ukurasa huo humwonyesha mfadhili hivyo haraka kuliko picha za watoto na ndoo.

Bi Mhasibu, kisima chetu bado kinatoa, lakini kila wiki kinapungua. Tumeambiwa hiyo haijawa dharura, turudi kikishakauka. Kuna haki hapo?

Hakuna, ndugu yangu, na si kila mfuko unafikiri hivyo. Marekani, Wizara ya Kilimo ina ruzuku ya dharura ya maji kwa maeneo ya vijijini na miji isiyozidi watu 10,000, na inawapokea hata wale ambao tatizo linatarajiwa kuwafika, si waliokwishafikwa pekee. Mfano huo mwupeleke kwa aliyewarudisha.

Lakini "kinapungua" haitoshi. Pimeni kina siku ileile ya wiki, alfajiri kabla pampu haijawashwa, maana pampu ikiwa inafanya kazi maji hushuka na kipimo kinadanganya. Mwenye daftari la namna hiyo anaweza kuchora mstari na kuonyesha ni mwezi gani maji yatashuka hadi kwenye pampu.

Yaliyotokea East Porterville, California, yanafaa kutajwa. Katika ukame wa 2012 hadi 2016, mamia ya visima vya majumbani vilikauka hapo. Watu waliwekewa matangi uani, yakajazwa na malori, na hali hiyo ikaendelea kwa miaka. Kilichoimaliza ni nyumba kuunganishwa na mtandao wa mji wa jirani, Porterville, kuanzia 2016. Mji huo ulikuwa hapohapo pua na mdomo tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo kabla ya kuomba kisima kipya, pimeni umbali wa bomba la jirani.

Shikamoo mama. Maji yetu yana naitreti, ile chumvi inayotoka kwenye mbolea na vyoo, kupita kiasi. Tumeahidiwa mtambo wa kisasa wa kusafisha, bure. Mimi ndiye mtunza hazina na moyo wangu mzito. Je, nina wasiwasi wa bure?

Marahaba, binti yangu. Moyo wako una akili.

Hatari ipo kweli, hasa kwa watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo: kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 za naitreti kwa lita, na kuchemsha hakusaidii, kwani maji hupungua na naitreti inabaki. Maji salama ya wachanga yapatikane leo, hilo lisisubiri mtambo.

Sasa huo mtambo wa bure. Mwulize anayeutoa: umeme wa mwezi nani analipa? Utando wa kuchujia ukichoka, unauzwa wapi? Maji machafu yanayobaki, maana mitambo hiyo hutupa sehemu ya maji, yatamwagwa wapi? Fundi wa kuuangalia atalipwa na nani, kwa ankara zipi? Gawanya jumla hiyo kwa kaya zinazolipa kweli, si zilizoandikishwa. Ukipata kiasi ambacho wewe mwenyewe usingelipa, majirani zako nao hawatalipa.

Fedha nyingi za maji hupenda kujenga, hazipendi kuendesha. California ililiona hilo, na sheria ya 2019 ikaanzisha mfuko wa hadi dola milioni 130 kwa mwaka, hadi 2030, ambao unaweza kulipia pia uendeshaji wa mifumo midogo isiyojiweza. Mfadhili wako kama hana kifungu hicho, muulize kama mnaweza kuchanganya maji hayo na ya kisima kingine, au kujiunga na jirani. Njia hizo hazina utepe wa kukata, lakini zinalipika.

Maji ya lori tunayoletewa, nitajuaje ni salama?

Kwa kipimo cha klorini. Chota maji kutoka bomba la lori kwenye kichupa, tia kidonge cha DPD, yaani cha kupimia klorini, kipondeke na kuyeyuka. Maji yakigeuka waridi klorini ipo. Linganisha rangi na kadi yake. Wakati wa kugawa maji unatafuta miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Yakibaki meupe, usigawe mpaka dereva aongeze klorini, ungoje nusu saa, upime tena. Maji yenye tope hula klorini, kwa hiyo yakataeni tangu yanapojazwa.

Vidonge hivyo viandikwe kwenye bajeti ya dharura kwa mstari wao wenyewe, pamoja na posho ya mtu wa kupima kila lori.