Kusomea udaktari wa mifugo ukiwa tayari una digrii

Wiki hii nimepata tena ujumbe wa aina ileile: "Kaka, nina digrii ya sayansi, nina miaka 28, nataka kusomea udaktari wa mifugo. Je, nimechelewa?" Hujachelewa. Ila mimi ningekuuliza kwanza kama umewahi kushinda joshoni, kunakoogeshwa mifugo dawa ya kupe, kutwa nzima.

Nilifundisha Baiolojia sekondari miaka sita kabla ya kuripoti SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, mwaka wa kwanza, nikiwa na begi na kipara kinachoanza. Kozi ni miaka 5, na digrii yangu haikunipunguzia hata muhula mmoja. Kwenye biokemia nilipumua, sikatai. Anatomia ndiyo iliyonikalisha chini. Ukishamzoea ng'ombe na tumbo lake la vyumba vinne, unaletewa farasi, ambaye hana hata kibofu cha nyongo, kisha mbwa, kisha kuku. Vijana wa miaka 20 walikariri kwa usiku mmoja nilichohitaji wiki nzima kukishika. Sapu, yaani mtihani wa marudio, ya kwanza maishani mwangu niliipata hapo, na chanzo kilikuwa kiburi: nilijifungia chumbani kusoma peke yangu kwa kuwa "mimi nimeshasoma". Jiunge na kundi la kusoma tangu wiki ya kwanza, hata wakikuita anko.

Pesa nayo. Wenzangu walikuwa na bumu, pesa za mkopo wa wanafunzi, mimi nilikuwa na akiba ya ualimu, na ilikata katikati ya mwaka wa pili. Tuisheni za jioni ndizo zilizonivusha. Usiache kazi kabla ya kushika barua ya udahili, na piga hesabu ya miaka yote mitano: ada, ovaroli, gambuti, nauli za mafunzo ya vitendo. Ongeza na michango ya harusi, maana kwa ndugu zako wewe ni mtu mzima mwenye digrii, hakuna anayekuhesabu kuwa mwanafunzi.

Siku ya kujifunza kupima mimba ya ng'ombe, nilivaa glovu ndefu nikaingiza mkono mpaka karibu na bega. Mhadhiri akauliza, "Umeshika nini?" Nikajibu kwa sauti ya darasani, "Mji wa mimba." Ng'ombe akakojoa, gambuti zote mbili zikajaa. Nilikuwa nimeminya kibofu. Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni ni binti niliyemfundisha kidato cha nne. Hakucheka, Mungu ambariki. Akaninong'oneza, "Mwalimu, tafuta kwanza shingo ya kizazi, ni ngumu kama gunzi. Ukiipata hiyo, fuata mbele." Nikaipata. Tangu siku hiyo nilimwita daktari, naye hakuacha kuniita mwalimu.

Ualimu ulikuja kunilipa baadaye, vijijini. Mfugaji akikuambia ndama ana ndigana kali, au Mmasai akasema oltikana, haitoshi kujua kwamba kitabuni ni kimelea kiitwacho Theileria na kwamba kupe ndiye mwenezaji. Lazima ujue kuuliza: tezi zilivimba lini, mara ya mwisho mliogesha ng'ombe lini, nani alichoma sindano ya kwanza na ya dawa gani? Watu huwa wameshajaribu dawa za dukani kabla hujaitwa, na ukianza kwa kufoka hawakuambii kitu. Hilo nililijua kabla sijaingia chuo, na wenzangu wengi vichwa vyepesi ndipo walipokwama.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla ya kujaza fomu, mwombe ofisa mifugo wa kata yako umfuate wiki mbili. Shika ndama, andika orodha ya chanjo, amka naye saa 11 alfajiri mwende machinjioni kukagua nyama. Simama karibu anapopasua ini na minyoo bapa ikachomoza. Ukirudi nyumbani ukaweza kunywa supu, niandikie tena tuzungumzie ada.