Banda la kukaanga samaki Bagamoyo: anza na maji, boksi la dawa baadaye

Dada yangu uliyeuliza, nimekuelewa. Unafungua banda la kukaanga samaki pale sokoni ufukweni Bagamoyo, na unataka kujua ununue dawa gani za boksi la huduma ya kwanza. Kazi hiyo ndiyo yangu kwa miaka mingi, na mafunzo ya huduma ya kwanza nimeyapata, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona.

Kabla hujaenda duka la dawa, nunua ndoo mbili kubwa zenye mifuniko. Zijaze maji safi, na mtu yeyote asizichotee kuoshea samaki wala vyombo. Ajali kubwa ya banda letu ni kuungua, na dawa ya kwanza ya kuungua ni maji.

Mtu akirukiwa na mafuta ya moto, muondoe jikoni, mvue pete, saa na bangili kabla hajavimba, kisha mmiminie maji ya kawaida mfululizo kwa dakika 20. Kama ni mkono, uzamishe kabisa ndani ya ndoo. Dakika 20 ni ndefu mtu akiwa analia. Mwenyewe atakwambia basi, na watu watakwambia unamchelewesha hospitali. Wewe endelea, kwa sababu joto limeshaingia kwenye ngozi na linazidi kuunguza huko ndani hata mafuta yakiwa yameshamwagika chini. Hata kama hukuwahi kuanza papo hapo, maji bado yanasaidia ndani ya saa 3 za mwanzo. Akiwa mtoto, poza palipoungua tu na sehemu nyingine ya mwili uifunike asipigwe na baridi.

Barafu usiiguse. Sokoni imejaa na kila mtu atakuletea, lakini inaumiza ngozi iliyokwisha kuumia, na ile ya kuhifadhia samaki ni chafu pia. Dawa ya meno, ute wa yai, asali, unga, mafuta ya kupikia: vyote hivyo viache. Kuna binti wa banda la jirani aliungua kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono, na mama mmoja mwenye huruma zake akampaka dawa ya meno mkono mzima. Ilikauka ikawa gamba jeupe. Muuguzi ilibidi ailainishe na kuibandua kidogo kidogo ili aone kidonda, na ngozi ya malengelenge ikawa inatoka nayo. Yale maumivu yalikuwa ya bure kabisa, binti wa watu hakustahili.

Baada ya maji, funika kwa kitambaa safi au nailoni safi ya kufungia chakula, bila kukaza. Lengelenge usilipasue. Jeraha likiwa kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa, au likiwa usoni, mkononi, kwenye kiungo au sehemu za siri, au aliyeungua ni mtoto, nenda Hospitali ya Wilaya siku hiyohiyo.

Na mavazi, dada. Madera na mabaibui ya nailoni yanayeyuka na kuganda mwilini. Jikoni vaa pamba, na nguo iliyokwisha kuganda kwenye ngozi usiivute. Karai likishika moto usimwage maji kabisa, mafuta yatalipuka na kuwaka juu kwa juu. Zima jiko kama unaweza kulifikia, funika karai kwa mfuniko mkubwa wa bati, usilibebe kulitoa nje. Moto ukikushinda, ondoa watu na upige 114, Zimamoto.

La pili utakaloliona ni mwiba. Vijana wanaoshusha samaki wanakanyaga samaki aitwaye taa, au wanachomwa na miiba ya hongwe au tasi. Maumivu yake yanapanda hadi kinenani, mwanaume mzima anang'ata shati. Hapa ndipo maji yako ya moto yana kazi. Sumu ya samaki hawa inaharibiwa na joto, kwa hiyo changanya maji kwenye beseni yawe ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kama nyuzi 45, atumbukize mguu dakika 30 hadi 90 huku unaongeza maji yakipoa. Anayepima moto wa maji ni wewe kwa mkono wako, au yeye kwa mguu wa pili usiochomwa, kwa kuwa mguu wenye maumivu hausikii joto sawasawa. Mwiba uliozama sana, au ulioingia kifuani au tumboni, usiuchomoe. Hospitali wataangalia kama kuna kipande kimebaki, na watampa sindano ya pepopunda.

Kisu nacho hakikosi siku. Kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Damu ikipenya, ongeza kitambaa juu ya kile cha kwanza. Kahawa, ugoro na mafuta ya taa havizuii damu, vinaingiza uchafu.

Kuhusu kifafa nisikilize vizuri. Mteja au msaidizi akianguka karibu na jiko, watu wanarudi nyuma kwa kuogopa lile povu. Povu haliambukizi kifafa. Mvute mbali na moto hapohapo, mwekee kanga chini ya kichwa, usimtie kijiko mdomoni wala usimkandamize. Kutetemeka kukikoma, mlaze ubavu. Kukizidi dakika 5, hospitali.

Mwiba wa samaki kooni: akiwa anapumua na kuongea, usimlishe tonge la ugali, mpeleke hospitali. Akishindwa kupumua wala kukohoa, mwinamishe, mpige mara 5 kwa kiganja katikati ya mabega, na pasipotoka kitu, simama nyuma yake umbane tumbo juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara 5, halafu rudia.

Sasa boksi lenyewe: glovu, gozi (kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda), bandeji pana, plasta, mkasi, nailoni safi, parasetamoli na tochi. Usijaze marhamu. Tafuta dereva wa bajaji mmoja au wawili wanaokaa karibu, mwelewane kabisa kwamba ukipiga anakuja, na namba zao ziandikwe ukutani kwa kalamu nene ili hata msaidizi wako azione.

Ukishapata eneo, niandikie hapa banda lina upana gani na jiko litakaa upande upi, nikueleze ndoo na mfuniko wa karai vikae wapi.