Kabla Hujaihama Darwin, Subiri Masika Ipite

Dada mmoja aliyehamia Darwin, mji wa kaskazini mwa Australia, na familia yake akitokea Melbourne ameniandikia usiku wa manane: "Dada, joto linatumaliza. Watoto wametoka vipele mwili mzima, baba yao ameshaanza kuulizia kazi kule tulikotoka. Wewe umewezaje? Na je, muhogo unaota huku?" Ujumbe wa namna hii hunijia kila mwaka ikifika Oktoba, kwa hiyo namjibu hapa ili na wengine wasome.

Mdogo wangu, mmefikia msimu mgumu kuliko yote. Oktoba na Novemba mawingu hujikusanya kila alasiri, radi ikanguruma upande wa bahari, na mara nyingi tone halidondoki. Fukuto haliondoki hata usiku. Watu wapole wanagombania maegesho ya gari. Lakini Walarrakia, ambao ardhi hii ni yao tangu enzi na enzi, hawahesabu misimu miwili tu kama tunavyoambiwa sisi wageni. Wanayo saba, na huu wa fukuto wanauita Dalirrgang. Una mwanzo na una mwisho. Mvua zikishafunguka hewa inapoa, vyura wanakesha wakiimba, kila kitu kinakuwa kijani. Kisha siku moja, masika yakielekea ukingoni, utatoka nje ukute kereng'ende wamejaa juu ya nyasi, na kila mwenyeji atakwambia mvua ndiyo hiyo inaaga. Miezi inayofuata ni kipupwe kitamu, utatafuta shuka alfajiri.

Mimi ni mzaliwa wa Kilwa. Nilikuja huku nikimfuata mume wangu, nikapata kazi ya kuhudumia wazee, sijahama tena. Joto halikuniumiza. Kilichoniumiza ni maneno ya watu wetu. Kwenye harusi moja huko kusini, meza nzima ya Waswahili wenzangu iliangua kicheko niliposema ninaishi Darwin. "Kule kwa mamba?" Mmoja akaongeza kwamba nimetoka kijijini Afrika nikaja kutafuta kijiji Australia. Nilimaliza pilau yangu kimya, na neno lile linanichoma hadi leo.

Sasa sikilizeni. Mwezi uliopita maktaba ya mtaa wetu iliniomba nizungumzie Kilwa, na viti vilijaa. Niliwaeleza habari za Maurie Isenberg, mwanajeshi wa anga wa Australia aliyekuwa kwenye kituo cha rada katika visiwa vya Wessel, pwani ya Arnhem Land. Mwaka 1944, kwenye kisiwa cha Marchinbar, aliokota sarafu mchangani akazihifadhi. Zilipopelekwa kwa wataalamu mwaka 1979, nne zilikuwa za Kiholanzi, na tano za shaba zilikuwa za masultani wa Kilwa. Za kwetu! Wataalamu bado wanabishana zilifikaje. Nilisimama pale nikayaelezea magofu ya Husuni Kubwa na Songo Mnara bila kusoma karatasi. Bibi mmoja wa Kizungu akaniuliza kama nimewahi kuuona msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani kwa macho yangu. Nikamjibu kwamba utotoni tulikuwa tukivuka kwa mashua kwenda kucheza kwenye nguzo zake. Laiti watu wa ile meza wangekuwepo.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, na ndio nitakaourudia, ni kuujua mji unaoishi. Ukiona mkwaju mkubwa ufukweni huku kaskazini, usipite tu. Asili ya mti ule ni Afrika, lakini huku uliletwa na wavuvi wa Makassar, kutoka kisiwa cha Sulawesi huko Indonesia, waliokuja kila mwaka kuvua jongoo bahari, kumchemsha, kumkausha kwa moshi na kumpeleka soko la China. Walikuja na upepo wa masika mnamo Desemba, wakarudi upepo ulipogeuka mnamo Aprili, sawasawa na majahazi yetu ya kaskazi na kusi. Safari zile zilikoma mwaka 1907, serikali ilipokuwa imewanyima vibali. Mikwaju waliyoiacha ingali inazaa.

Na majimoto, wale sisimizi wa mitini, wapo. Wa huku tumbo lao ni la kijani, lakini wanashona majani ya mwembe kwa nyuzi za watoto wao vilevile, na wanauma vilevile. Jirani yangu alikuja na kopo la dawa awapulizie, nikamshika mkono. Kwetu tunawaacha kwenye mikorosho ili wawale wadudu waharibifu. Alikubali, na mwaka ule tuliangua maembe pamoja. Wenyeji wa asili hula tumbo lile. Nimelionja, lina ukali wa ndimu.

Kimbunga usikifanyie mzaha. Usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1974 kimbunga Tracy kiliua watu 66 na kuubomoa mji karibu wote. Watu zaidi ya 30,000 wakahamishwa, wengi wao kwa ndege. Bibi ninayemhudumia alikaa bafuni na wanawe chini ya godoro mpaka kulipokucha, na walipofungua mlango hapakuwa na sebule. Mpaka leo hapendi mlango wa bafuni ufungwe. Nyumba za sasa zimejengwa kwa sheria kali zaidi, lakini wewe fanya yako mapema: uani pasibaki bati wala kiti kinachoweza kupeperuka, maji ya kunywa yawepo, redio ya betri iwepo, na ujue mtakimbilia wapi.

Baharini msiingie kuanzia Oktoba hadi Mei, kwa ajili ya yale mayavuyavu ya sumu ambayo minyiri yake inaweza kuua mtoto kwa dakika chache. Akiguswa mtu, mmwagieni siki kwa wingi na mpige simu ya dharura, 000. Mamba nao wanalindwa kisheria tangu mwaka 1971 na wameongezeka mno. Mtoto asichezee ukingo wa mto hata kama maji yametulia.

Ndugu zangu, tumezoea kuhesabu mji kwa ukubwa wa maduka yake. Tunahama kwa sababu binamu amehama, tunalinganisha kodi za nyumba, na miaka kumi inapita hatujui hata jina la watu wenye ardhi tunayolala. Halafu tunalalamika kwamba hapa hapatupendi! Jifunze, mdogo wangu. Uliza wazee. Wapeleke watoto jumba la makumbusho pale Bullocky Point. Mwambie baba yao asubiri masika yapite ndipo mzungumzie kuhama.

Muhogo unaota, na kisamvu chake ni laini. Nina mabua, njoo uchukue. Mkipata mvua za kwanza pandeni palipoinuka, maji yasituame. Ila msilime pekupeku kama nyumbani: masika huleta vijidudu vya udongoni vinavyosababisha melioidosi, maradhi yanayoua, na mwenye kisukari yuko hatarini zaidi. Vaeni viatu na glavu, funikeni kila kidonda. Mtachimba mwakani, kipupwe kikishatulia.