Mafua ya Juni na kidonge cha saa mbili usiku

Juni huku Makambako baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na kila nyumba ina mtu anayepiga chafya. Naishi na VVU tangu 2011, na kwa miaka mingi chafya yangu ya kwanza ilinikosesha usingizi. Nilishaamini kifo changu kitaanza na makamasi. Siku hizi mafua hayanitishi hivyo. Kinachonitisha ni kingine, na nilikijua kwa gharama.

Mwaka 2017 niliacha ARV, dawa za kufubaza VVU. Sababu zote sisemi, nyingine ni za aibu. Itoshe kwamba nilikuwa nimenenepa, cherehani inanilipa, nikajiona nimepona. Nikaacha na Septrin, ile ya kukinga magonjwa nyemelezi. Juni iliyofuata nikashikwa na mafua kama mtaa mzima. Wenzangu wakapona ndani ya wiki. Kwangu makamasi yaliisha, kikabaki kikohozi kikavu. Nikanywa tangawizi na malimao, nikajifukiza majani ya mkaratusi mpaka shuka likanuka. Duka la dawa wakaniuzia amoksilini bila kuniuliza swali hata moja, wakati antibayotiki haiui kirusi cha mafua. Wiki ya tatu nikawa nashona mkono mmoja wa gauni, nasimama kutafuta pumzi, ndipo nashika wa pili. Mama aliyefuata sare za wanawe akanitazama: "Dada, mbona midomo imekuwa ya bluu?"

Hospitali walinibana kidole kwa kile kifaa cha kupima oksijeni, kikasoma asilimia 84, chini mno. Nikapewa kikopo cha makohozi kupima TB, haikuwepo. CD4, zile chembe za damu zinazoongoza kinga ya mwili, zilikuwa 97, na mtu mwenye kinga nzima huwa na 500 kwenda juu. Nilikuwa na nimonia ya fangasi, ile inayowavizia walio chini ya 200. Dawa yake? Septrin ileile niliyoiacha, safari hii vidonge vingi kwa siku, kwa siku 21.

Daktari alinieleza kwa mfano wa shamba, nami ni mtoto wa mkulima, nikamwelewa. CD4 ni nyapara. Jembe hashiki sana, ila asipokuwepo vibarua hawajui waanzie wapi. Chembe zinazotengeneza kingamwili dhidi ya kirusi cha mafua zinasubiri neno lake, na zile zinazoua chembe zilizokwisha kuvamiwa zinamtegemea pia. VVU humwingia huyo nyapara, huzaliana ndani yake, mwishowe humuua. Kwa hiyo mafua yakija, kazi inaanza kwa kuchelewa. Kirusi kinakaa mwilini siku nyingi zaidi, kinachubua njia ya hewa, na kwenye michubuko hiyo ndipo bakteria wa nimonia wanapopenya. ARV hazimfufui nyapara aliyekufa. Zinazuia VVU kuzaliana, mwili ukapata nafasi ya kuajiri wengine, na ajira hiyo haina haraka: mimi nilivuka 500 baada ya miaka miwili na zaidi.

Basi ukipata mafua, usiruke dozi. Kuna wanaoniambia, "Nimepumzisha ARV kwanza, mwili upambane na mafua." Jamani, hapo umewafukuza manyapara siku ya mavuno! Ukitapika kidonge, piga simu CTC, kliniki yetu ya VVU, au nenda, usikae kubahatisha.

Angalia na vitu vya kuongezea nguvu. Kidonge chetu cha siku hizi, chenye dolutegravir ndani, hakipatani na madini ya chuma, kalsiamu wala dawa za kiungulia zenye magnesiamu. Vinakishika tumboni kisiingie vizuri kwenye damu. Mimi nameza changu saa mbili usiku, multivitamini naziacha mpaka asubuhi. Nesi alisema zikae angalau saa mbili baada ya kidonge, au saa sita kabla yake.

Kikohozi nacho, kwetu sisi hakuna "tusubiri wiki mbili". Kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito: kimojawapo kikitokea, omba kipimo cha TB. Pumzi ikikata, kifua kikiuma, au homa ikiondoka halafu ikarudi kwa nguvu, nenda siku hiyohiyo. Dawa ya kupambana na kirusi cha mafua makali (influenza) ipo, ila hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya siku mbili za mwanzo, na tangawizi yangu ilikula zote mbili.

Chanjo ya mafua hayo makali pia ipo, ya kila mwaka, na kwetu inafaa ile ya sindano, si ya kupulizia puani. Huku mara nyingi ni ya kulipia, hivyo uliza bei kabla hujapanda basi.

Utafiti wa 2022/23 ulikuta karibu watu wazima 13 kati ya 100 mkoani Njombe wana VVU, kwa hiyo kwenye foleni ya CTC nakutana na wateja wangu, na mmoja alishanipimisha gauni palepale kwenye benchi. Juni iliyopita tuliumwa mafua pamoja, mimi na jirani yangu asiye na VVU. Mimi siku tano, yeye saba, na gauni lake likachelewa kwa sababu alishindwa kuja kulijaribu.