Daktari anajibu: Joto la usiku, feni na vidonge vya presha

Daktari, mama yangu ana miaka 74 na anameza vidonge vya presha. Siku hizi joto halipungui hata usiku. Tumemwekea feni, lakini anaamka hoi na kichwa kinamgonga. Ni presha au ni joto?

Mpimeni presha, ila lishukuni joto kwanza. Usiku ndio mwili unapopata nafuu baada ya kutwa nzima ya kujipoza. Usiku usipopoa, moyo hauachi kusukuma damu kwenda kwenye ngozi, na mzee anaianza siku akiwa na uchovu wa jana. Hapo ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapouma bila kelele, maana sehemu nyingi za nchi kavu joto la usiku limepanda haraka kuliko la mchana.

Feni haipozi hewa. Kazi yake ni kukausha jasho, na mzee hutoa jasho kidogo. Hewa ikivuka nyuzi 40, feni humpulizia moto tu. Basi mpeni jasho la kuazima: mpanguseni shingo, mikono na miguu kwa kitambaa kilicholowa, kisha feni imwelekee, na mrudie kila ngozi inapokauka. Hewa ikiwa na unyevu mwingi maji hayakauki upesi. Hapo beseni la maji ya baridi la kutumbukiza miguu na mikono litafaa zaidi. Mchana fungeni mapazia upande wa jua. Madirisha yafunguliwe pale tu nje kunapokuwa na ubaridi kuliko ndani.

Sasa vidonge. Vile vinavyokojoza humpunguzia maji na chumvi. Vya aina ya atenololi huuzuia moyo kwenda mbio unapohitaji. Asiviache kwa uamuzi wake. Mpimeni presha akiwa amekaa, kisha dakika 1 na dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, pelekeni vipimo hivyo pamoja na vidonge kwa daktari wake, aangalie dozi upya. Maji anywe kidogo kidogo bila kungoja kiu, kwani uzeeni kiu huchelewa. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza kiasi chake.

Tutajuaje hali imekuwa mbaya? Tumpe parasetamoli?

Akianza kuweweseka, kujibu ovyo, kupepesuka au kupoteza fahamu, hicho ni kiharusi cha joto mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa kawaida joto la mwili huwa limefika nyuzi 40 au zaidi. Msidanganywe na jasho. Wapo wanaozidiwa huku bado wanatoka jasho. Iteni gari la wagonjwa, na msikae kulingoja: mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, wekeni barafu iliyofungwa kitambaa shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asiye na fahamu kamili asinyweshwe kitu, kitampalia.

Parasetamoli haisaidii. Kwenye homa, ubongo wenyewe ndio umeamuru joto lipande, na dawa huondoa amri hiyo. Hapa hakuna amri. Mwili umeshindwa kulitoa joto.

Nasikia joto likizidi mbu hufa. Basi malaria itapungua?

Baadhi ya sehemu, ndiyo. Malaria husambaa vizuri zaidi kwenye nyuzi 25 hivi, ikizidi sana hapo hupungua. Lakini nyanda za juu zilizokuwa na baridi ya kuizuia sasa zinapata joto la kutosha malaria kusambaa, na kwenye joto zaidi anastawi mbu wa homa ya dengi, ambaye kilele chake ni karibu nyuzi 29. Huyu huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Hutaga kwenye ndoo, mapipa na vyungu vya maua, akigandisha mayai ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi, kisha yakaanguliwa maji yakirudi. Ndiyo maana kumwaga maji pekee hakutoshi: kila wiki sugueni kuta za chombo kwa brashi, kisha kifunikeni.